Mwanza mpaka Nassa, kumfuata Bomani

Basi la Musoma lilitoka stendi ya Nyamhongolo saa mbili kasoro, nikawahi siti ya dirishani upande wa kushoto maana ziwa linakuwa upande huo. Safari yenyewe fupi tu, naenda Nassa, kwa wakulima wa pamba.

Pembeni akakaa mzee mmoja anashukia Magu. Nikamwamkia mwangaluka baba, akacheka akaniuliza we mtoto wa nani, nikamwambia namfuatilia Paul Bomani, yule kiongozi wa ushirika wa pamba. Akasema, "Aa, yule wa mizani!" Kuanzia Kisesa hadi Magu akawa ananisimulia, jinsi baba yake alivyokuwa anabeba pamba kutoka nyumbani anajua ni ratili ngapi, akifika kwa mnunuzi zimepungua na hana pa kulalamika, mnunuzi ndo mwenye mizani, ndo mwenye bei, ndo mwenye jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba.

Hapo ndo siasa ya Bomani ilipoanzia. Mtoto wa mchungaji wa Wasabato, kazaliwa Musoma 1925, akakulia katika ushirika na chama cha TAA (chama cha Waafrika wa Tanganyika kilichotangulia TANU) cha Jimbo la Ziwa, akaenda kusoma ushirika Loughborough, Uingereza, akarudi na 1955 likaundwa Shirikisho la Victoria, la vyama vya ushirika vya pamba, yeye akiwa meneja mkuu. Na kumbuka serikali ya kikoloni ilikuwa imeizuia TANU Usukumani toka 1954 mpaka 1958, sasa wewe fikiria, chama hakiruhusiwi lakini wakulima wanakutana kijiji kwa kijiji kuongelea mizani na bei na nani anawawakilisha! Mimi naamini kabisa uhuru kwa watu wa huku ulipita kwenye magunia ya pamba kabla haujafika jukwaani, na hili hatulisemi vya kutosha, shuleni nilifundishwa Bomani waziri wa fedha tu basi.

Uwaziri ulikuja baadae, kilimo 1960, fedha 1962, halafu ubalozi Washington miaka kumi na moja. Mzee hakugusa hata kimoja. Alishuka Magu akaniambia mwanangu ukifika angalia mizani.

Nassa nilishuka jua limeshakuwa kali. Msimu wa kuuza ulikuwa umeanza, kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, foleni ya baiskeli na mikokoteni, mizani siku hizi ya kidijitali. Mama mmoja akapandisha gunia lake, akainama akaisoma namba kwa sauti, karani akairudia, mama akaisoma tena mara ya pili ndo akakubali iandikwe.