Kofia Iliyobaki Kituoni

Mkuu wa Polisi wa Wilaya alikuja na watu wawili tu: mkuu wake wa upelelezi na mkaguzi wa kata. Mimi nilikuwa mtendaji wa mtaa, kazi yangu kuandika muhtasari. Miezi saba ilikuwa imepita tangu kijana wa bodaboda akutwe amekufa kando ya barabara ya vumbi usiku wa masika, pikipiki haipo, kofia ngumu iko hatua chache pembeni. Uwanja wa shule ya msingi ulijaa.

Mkuu wa polisi alianza na yale asiyoweza kuyasema: majina ya mashahidi, ya wanaoshukiwa, na jeraha lilivyokuwa. Hilo la jeraha lilileta miguno. Akafafanua kwamba mtu akija kukiri, au kudai alishuhudia, atapimwa kwa jambo ambalo hakulisikia mkutanoni.

Swali la kwanza lilikuwa la simu, na ndilo lililokula muda. "Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, afande, mnashindwaje?" Alisema rekodi za kampuni ya simu zinatoa namba iliyopiga, saa, na mnara uliobeba mawasiliano. Mnara mmoja unahudumia mitaa kadhaa. Unaonyesha simu ilikuwa upande gani, hauonyeshi ilikuwa mkononi mwa nani. Na wapo mawakala wanaomwambia bibi kizee "mtandao umekataa, weka kidole tena", kumbe wanasajili laini ya pili. Ukiifuatilia laini hiyo unafika kwa bibi. Njia nyingine ni namba tambulishi ya simu yenyewe ya marehemu, ile inayotokea ukibonyeza *#06#, lakini familia haikuwa nayo, boksi lilishatupwa. Pikipiki nayo hubadilishwa namba za usajili kwa dakika chache, kwa hiyo inayotafutwa ni namba ya chesisi. Ikishachinjwa ikauzwa vipuri, hata hiyo haisaidii.

Kijana mmoja akauliza habari za vinasaba. Hapo alikiri kosa, jambo ambalo sijaliona mara nyingi kwa mtu mwenye nyota begani. Ile kofia ilipita mikono ya watu wengi kabla polisi hawajafika, na wasamaria walishafukia damu kwa mchanga kwa heshima ya marehemu. Lakini askari nao waliitia kwenye mfuko wa plastiki ikiwa mbichi. Unyevu ukifungiwa huleta ukungu, na ukungu unaharibu vinasaba. Ilipaswa ianikwe kivulini hadi ikauke, iwekwe kwenye bahasha ya karatasi, ifungwe kwa lakiri, na kila anayeipokea asaini, hadi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Saini moja ikikosekana, wakili wa utetezi anaanzia hapo.

Wale watatu waliokamatwa wiki ya kwanza na kuachiwa? Shahidi alisema alimtambua mmoja wao kwa sura. Mkuu akahesabu kwa vidole: umbali gani, mwanga gani na ukali wake, alimwangalia kwa muda gani, alimfahamu kabla? Mahakama ya Rufani ilishayaweka hayo tangu shauri la mtu aitwaye Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980. Taa ya pikipiki ikikumulika machoni, unachokiona ni taa. Mauaji hayana dhamana, kwa hiyo kumfikisha mtu mahakamani kwa ushahidi huo ni kumweka mahabusu miaka, kisha aachiwe.

Muda wote huo mkuu wa upelelezi hakutia neno. Alikuwa akitazama watu.

Baba wa marehemu aliomba la mwisho. "Afande, kofia ya mwanangu mtaturudishia lini?"

"Mzee wangu, ni kielelezo. Kinasubiri kesi iishe au mahakama iamuru. Na kosa la mauaji halina ukomo wa muda."

"Basi mnayo?"

"Tunayo, mzee. Ina lebo."

"Kioo chake kina ufa upande wa kushoto. Msije mkatupa ya mtu mwingine."

Mkuu wa upelelezi alifungua daftari kwa mara ya kwanza. "Shikamoo mzee. Ufa huo ulikuwepo kabla ya usiku ule?"

"Marahaba. Tangu Krismasi. Ilimwanguka hapo nyumbani."

Mwenyekiti alifunga mkutano saa kumi na mbili kasoro. Mzee na mkuu wa upelelezi walibaki kwenye dawati la wanafunzi, mzee akimchorea kioo kwa kidole juu ya ubao.