Usiku Siafu Walipoingia Makorora

Jana jioni, tukitoka madrasa, mwanangu alisimama katikati ya njia, juzuu kwapani, akiwatazama siafu wakikatiza kwenye tope. Vuli imeanza na wao wameanza safari zao.

"Mama, mkubwa wao ni yupi?"

Nikamwambia hawana mkubwa.

"Sasa nani kawaambia waende kule?"

Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa. Nikamshika mkono tukawaruka, lakini swali lake nimelala nalo. Mimi na Seif tulikwama kwenye swali hilohilo zamani, na lilipinduapindua lote gemu tulilokuwa tukilitengeneza pamoja.

Wakati ule tulishakubaliana karibu kila kitu. Gemu la vita, makundi manne, uwanja mmoja wenye mwembe, kichuguu, minazi na nyumba ya udongo. Mchwa, maji moto (wale sisimizi wa mitini), siafu na nyuki. Mchezaji achague kundi, akusanye chakula, azalishe askari, kisha awaguse kwa kidole na kuwatuma vitani. Gemu zote za vita alizocheza Seif tangu utotoni, kwenye mabanda ya Ngamiani, zilikwenda hivyo, na hakuona sababu ya letu kwenda vingine. Tulitumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwa sababu ni ya bure. Laptopu ilikuwa yake na betri imechoka, kwa hiyo mambo mengi tuliyajaribu kwanza juu ya mkeka, ukumbini kwa Bibi, Makorora, Tanga. Kunde zilikuwa siafu, choroko mchwa, maharage mekundu maji moto, na nyuki walikuwa mbegu za ubuyu. Bibi alizihesabu kunde zake kabla hatujaanza na baada ya kumaliza.

Makundi yale hatukuyatunga kichwani. Mchwa tuliwapa ngome na shamba, kwa kuwa ndivyo walivyo: ndani ya kichuguu wanalima uyoga wao wenyewe kwa majani na miti waliyoila, na mvua ikinyesha wanatoa kumbikumbi kwenda kuanzisha vichuguu vingine. Kwenye gemu, mvua ndiyo ingekuwa nafasi yao ya kutanua eneo, na kila ndege na kila mtoto mwenye bakuli angekuwa hatari kwao.

Maji moto nilijifunza kwa Mjomba, shambani Muheza. Minazi yake ilikuwa ikidondosha nazi changa, kwa sababu kuna mdudu anayefyonza vitoto vya nazi hadi vinaanguka. Mdudu huyo anaitwa kitaalamu Pseudotheraptus wayi, jina alilopewa kwa ajili ya M. J. Way, mtaalamu aliyemchunguza Zanzibar miaka ya 1950. Anayemweza ni maji moto. Mnazi wenye viota vya maji moto hubaki na nazi zake. Ila maji moto nao wana adui chini: sisimizi wadogo, askari wao wana vichwa vikubwa, wanaishi mchangani, wakipanda mnazi wanawafukuza maji moto na nazi zinaanza tena kuanguka. Mjomba alifunga kamba kutoka mnazi hadi mnazi ili maji moto wake wavuke juu kwa juu bila kugusa ardhi. Nilisimama chini ya kamba ile nikawatazama wakipita, wengine wamebeba watoto wao midomoni. Watoto hao ndio wanaotoa uzi wa kushonea majani ya kiota, na wakubwa huwashika na kuwapitisha huku na huku kama fundi na sindano. Nikaona hapa gemu limejiandika lenyewe. Juu na chini, madaraja, na mkulima anayekula au kulala njaa kutegemea nani kashinda.

Nyuki ndio walioleta ugomvi. Tanga ina historia yake na nyuki. Mwanzoni mwa Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walishusha Ras Kazone kikosi kikubwa kutoka India, watu kama 8,000. Mjini, kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na Wajerumani na askari wa Kiafrika, jumla yao kama 1,000. Risasi zikapiga mizinga iliyokuwa mitini, nyuki wakatoka kwa hasira wakauma kila waliyemkuta. Waingereza walirudi kwenye meli zao wameshindwa, na kati yao wapo walioamini kwamba Wajerumani waliwatega nyuki wale makusudi. Seif aliipenda sana hadithi hiyo. Alitaka nyuki wawe jeshi la kukodi: unalipa asali, unamwonyesha adui, wanakwenda. Mimi nilimwambia nyuki wa 1914 waliuma pande zote mbili, hawakuwa wa mtu. Tulibishana mpaka Bibi akatuambia kama ni ugomvi twende tukagombane barazani.

Basi usiku wenyewe ulikuwa wa masika. Umeme ulikatika tangu alasiri. Tulikuwa tumewasha chemli, mkeka umetandazwa, kunde zimepangwa kwa safu zikielekea kichuguu, Seif akifikiri ashambulie wapi. Kuku wakaanza kulia bandani, si kilio cha kicheche. Bibi aliinua kichwa.

"Inukeni. Siafu hao."

Hakupaza sauti. Alimchukua mtoto wa Mama Mdogo kitandani akamtoa nje kwanza, akarudi akafungua banda la kuku, halafu ndipo akajitafutia kanga yake. Seif alikwishashika kidumu cha mafuta ya taa.

"Yaache hayo, mwanangu. Ukiwamwagia watatawanyika humu ndani mpaka kesho. Wape njia."

Kila mtu alikwenda kukaa kwenye baraza ya jirani. Mimi nilibaki mlangoni na tochi ya simu, nimesimama juu ya kigoda, kigoda kimezungushiwa majivu, na Bibi kila baada ya muda ananiita nitoke, sitoki.

Waliingilia chini ya mlango wa uani. Njia yao ilikuwa na upana wa kiganja, na pembeni walisimama wale wakubwa, vichwa nje, taya wazi, hawasogei. Katikati walipita wadogo kwa mbio. Walipofika kwenye kizingiti, palipo na ufa, walishikana miili wakauziba, na wenzao wakapita juu yao. Nilikuwa nimesoma kwamba siafu hawa vibarua hawana macho kabisa. Kulisoma jambo hilo na kuliona si sawa. Hakuna aliyesita. Hakuna aliyegeuka kutazama.

Halafu njia ikafunguka. Pale ukumbini safu ile nyembamba ilitawanyika ikawa shuka jeusi linalotambaa, likapanda kuta, likaingia kwenye paa. Mende wakaanza kudondoka. Sikujua nyumba ya Bibi ina mende wengi namna ile. Wakatoka na tandu, na mjusi mmoja akaruka kutoka kwenye boriti akaangukia katikati yao. Ulisikika mchakacho mdogo kila upande, sauti ya miguu na taya, hakuna kingine.

Nilielekeza tochi kwenye ukingo wa mbele wa shuka lile, nikitafuta kiongozi. Nilitaka kumwona kwa macho yangu. Nilimchagua siafu mmoja aliyekuwa mbele ya wote. Akaenda mbele urefu wa vidole vitatu hivi, akagusa sakafu mpya, akageuka akarudi ndani ya kundi. Mwingine akachukua nafasi yake, naye akaenda kidogo, akarudi. Kisha mwingine. Nikachagua tena, nikachagua tena. Aliyekuwa mbele hakukaa mbele. Ukingo mzima ulisogea hivyo, kwa watu wanaokwenda na kurudi, na bado ulisogea, na ulijua kona zote za nyumba kuliko sisi tulioikulia. Nimesema watu. Niacheni niseme hivyo hivyo, kwa kuwa ndivyo nilivyowaona usiku ule.

Wakapita juu ya mkeka wetu. Kunde zilikuwa pale pale kwenye safu zake, jeshi lililonyooka, kila askari akisubiri kuguswa. Siafu wenyewe walizipanda wakazishuka bila kuzijali.

Nje, sehemu yao iliufikia mwembe. Hapo niliona maji moto wakishuka kwenye shina, na siafu waliotangulia wakikamatwa miguu na kuvutwa kila upande hadi wananyooka. Haikuchukua muda, njia ya siafu ikapinda kuukwepa mwembe ikaelekea kwa jirani wa nyuma. Sikuona nani alitoa amri ya kupinda. Sikuona amri.

Kabla ya alfajiri walikuwa wameondoka. Bibi aliingia na ufagio, akafagia mabawa na miguu ya mende, akasema nyumba imesafishwa. Nikamfuata chumba kwa chumba.

"Bibi, nani anawaongoza hawa?"

"Aliyepita."

"Aliyepita vipi?"

"Aliyepita mbele anaacha harufu. Wa nyuma anainusa anaifuata, naye anaacha yake. Nawe usingekuwa na macho ungefuata. Nipishe."

Siku zilizofuata nilifuta sehemu yote ya kugusa askari. Badala yake uwanja wetu nikaukata vijumba vidogo, na kila kijumba kikawa na namba, kiasi cha harufu. Kila mdudu anaangalia vijumba vilivyo mbele yake, anaelekea penye namba kubwa, na akipita anaongeza kidogo. Muda unavyokwenda, namba zote zinapungua, kama hakuna anayepita harufu inakufa. Si uvumbuzi wangu. Mtaalamu wa kompyuta Marco Dorigo alitumia wazo la namna hiyo kwenye tasnifu yake ya mwaka 1992 huko Italia, kuifanya kompyuta itafute njia fupi. Mchezaji wetu hamwamrishi mtu yeyote. Anaweza kutia harufu mahali, kwa uchache, na kungoja. Na nyuki ikawa hivyo nilivyotaka: hawana mchezaji. Wapo mtini. Ukipiga kelele karibu nao, wanatoka, na wewe na adui yako mnakimbia pamoja.

Seif alichukia. Alisema mtu akilipa bando lake kupakua gemu anataka kuwa jemadari, hataki kuwa mtu wa kunyunyiza manukato. Alikuwa na hoja, na sikuidharau. Lakini alikuwa ameketi barazani kwa jirani usiku ule. Hakuona.

Kisha ikatokea jambo ambalo mpaka leo linanisumbua. Tuliliacha gemu linakwenda lenyewe usiku kucha. Asubuhi siafu wetu wote walikuwa kwenye duara. Mmoja alijikunja akaikuta harufu yake mwenyewe, wa pili akamfuata, wa tatu, na kila aliyepita akaizidisha. Namba za duara lile zilikuwa kubwa kuliko za uwanja mzima. Chakula kilikuwa hatua chache pembeni. Walikuwa wanakufa mmoja mmoja, na waliobaki wanawapita.

Seif alisema ni hitilafu, tuirekebishe. Nikaenda kusoma. Mtaalamu wa viumbe William Beebe aliliona duara kama hilo msituni Guyana, akaliandika mwaka 1921: jamaa za siafu wa huko, mzingo wa mita kama 370, kila mmoja akichukua saa mbili na nusu kulimaliza, wakazunguka mpaka wengi wakafa. Basi haikuwa hitilafu. Kanuni iliyowapitisha wale wa Makorora nyumba nzima ndiyo iliyowaua hawa, na mimi kanuni hiyo nilikuwa nimeipenda. Nilikuwa nimewasimulia watu wote niliowajua kwamba nimeona jeshi lisilo na bwana, na jinsi linavyopendeza. Nilipolitazama duara kwenye kioo sikujua niseme nini. Nilitamani kumuuliza Bibi, na Bibi wakati huo alikuwa hospitali, kisha akatutoka, Mungu amrehemu.

Seif alipendekeza kitufe cha amri. Mchezaji akiona duara, abonyeze, wote wasimame. Mimi nilisema hapana: kama ana harufu iliyobaki, atie njia mpya pembeni, na angoje kama yupo hata mmoja atakayetoka. Wakati mwingine hutoka. Nimewahi kumwona mmoja akichepuka, na nyuma yake watatu, na njia ikaanza. Mara nyingi hawatoki, na mchezaji anapoteza kundi lake lote akitazama. Watu waliolijaribu wametuandikia. Wengine wamekasirika, wengine wamesema walikaa hadi usiku wa manane wakiwangoja.

Hatujaafikiana mpaka leo. Toleo nililoliweka mimi halina kitufe. La Seif linacho, na linapakuliwa zaidi.