Jino Lililotupwa Juu ya Bati

Mwaka 2012 tukikaa Tanga, binti yangu mkubwa, akiwa na miaka 9, alianza kulalamika jino tangu Shaabani. Nikamsagia karafuu, nikampaka, nikamwambia, "Vumilia mwanangu, hilo la utoto, litang'oka lenyewe." Miezi miwili nilisema hivyohivyo. Mwisho wa mfungo shavu likaumuka, ngozi ikawa inang'aa.

Hospitali tulipokewa na daktari mama mtu mzima. "Panua mjukuu wangu." Akanishikisha kile kioo kidogo cha mpini nione mwenyewe. Gego la chini limebaki gamba, katikati shimo jeusi, na kwenye fizi kijipu kama punje ya mtama.

"Mama, hili si la utoto. La ukubwani hili, halina mwenzake chini."

Nilihisi miguu imeisha nguvu. Kumbe gego la kwanza la kudumu huota mtoto akikaribia miaka 6, nyuma kabisa ya magego ya utoto, wala hakuna jino linalong'oka kulipisha. Sisi tunasubiri pengo. Lenyewe linachomoza kimyakimya kwenye fizi tupu, na vijishimo vyake vya juu vinahifadhi chakula pale mswaki wa mtoto usipofika.

"Nani anampigisha mswaki?"

"Mwenyewe, dokta. Tangu ana miaka 4."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliniambia mkono wa mtoto haujakomaa mpaka miaka 7 au 8, mzazi amshikie. Mswaki wa usiku ndio usiokosekana, maana usingizini mate hupungua. Akimaliza ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ile floraidi ya dawa ya meno, madini yanayokinga meno yasioze, ibaki kwenye meno. Nikauliza kuhusu ubuyu, kwani mlangoni kwetu uliuzwa kutwa. "Usihesabu kiasi tu, hesabu na mara ngapi kwa siku. Kila akimung'unya, tindikali inaanza upya kula jino."

Nikamwomba alizibe. Akasema lingewahiwa lingezibika. Sasa limeoza mpaka mzizini. Binti yangu akapigwa sindano ya ganzi, amenishika kiganja kwa mikono yote miwili.

Jino tulirudi nalo limefungwa kwenye kipande cha bandeji. Nilikuwa sijapata moyo wa kumwambia. Akasimama uani kama wafanyavyo watoto wetu wote, akalirusha juu ya paa. Likagonga bati, likabingirika, likatulia kwenye mkunjo.

"Mama, jipya litaota lini?"

Nikamkalisha mkekani, nikamweleza ukweli. Hakulia. Akapitisha ulimi kwenye pengo, akaniuliza kama la upande wa pili nalo ni la ukubwani.

Usiku nikamwita mdogo wake, wa miaka 6, nikammulika kinywani kwa tochi ya simu. Nyuma ya magego ya utoto kulikuwa na ncha nyeupe, nusu bado imo ndani ya fizi. Nikamlaza kichwa mapajani, nikachukua mswaki.