Sosi ya tatari kwa viini vya kuchemsha: nilivyofanikiwa jikoni kwangu Kirumba

Kwetu Kirumba, hapa Mwanza, samaki hatafutwi. Ukishuka soko la samaki la Mwaloni asubuhi unarudi na sangara aliyekatwa mbele ya macho yako. Kilichonisumbua mimi kwa muda mrefu ni cha kuchovyea. Miaka yote tumekula na kachumbari, pilipili na ndimu, na kwa sato wa kukaanga mzima sijaona cha kushinda hivyo. Lakini sangara ni samaki wa mafuta. Minofu yake ukiikata vipande vya urefu wa kidole, ukavipitisha kwenye yai na unga ukakaanga, inataka kitu kizito chenye uchachu ndani yake.

Kitu hicho nilikionja kwenye sherehe ya kipaimara ya mpwa wangu. Waliotupikia waliweka pembeni mwa samaki bakuli la sosi nyeupe yenye vipande vidogo vya matango na majani ya kijani. Niliuliza, nikaambiwa ni sosi ya tatari, wanainunua ya chupa. Niliitafuta mjini, nikaipata, bei ikanirudisha nyumbani mikono mitupu. Nikasema, kama ni mayai, mafuta, matango na siki, vyote hivyo ninavyo.

Msingi wa sosi hii ni mayonezi, na mayonezi ya kawaida ni viini vibichi vilivyopigwa na mafuta. Mara ya kwanza nilimimina mafuta kama ninayotia sufuriani. Yakajitenga papo hapo. Juu mafuta, chini uji wa njano wenye madoa. Mara ya pili nikatia tone kwa tone, ikashikana vizuri mpaka uma ukasimama. Nilifurahi sana siku ile. Basi bakuli likakaa mezani tangu saa sita mchana hadi jioni, watu wakija wanachovya, na mnajua joto letu lilivyo. Usiku mpwa wangu alitapika na kuharisha. Siwezi kuapa kwamba ni sosi, maana alikula na vingine, lakini yai bichi linaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na kwenye joto huongezeka haraka. Nilikesha naye nikimnywesha maji yenye chumvi na sukari za paketi, na nikaamua yai bichi halitaingia tena kwenye bakuli la watoto.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja jirani yetu, mpishi mstaafu wa hotelini. Nilimpelekea samaki Jumapili moja, nikamsimulia.

"Mwanangu," akasema, "nani alikwambia lazima kiini kiwe kibichi?"

"Mzee, mayonezi si ndivyo inavyotengenezwa?"

"Mayonezi ndiyo. Tatari ya Wafaransa wa zamani ni viini vya kuchemsha. Visage mpaka viwe laini, kisha mafuta polepole, na majani ya kitunguu. Nenda kajaribu."

Nilijaribu siku hiyo hiyo.

Chemsha mayai manne ya kienyeji. Ya kienyeji kwa sababu kiini chake ni cha njano iliyoiva na sosi inapata rangi; kama ni ya kisasa, ambayo viini vyake ni vikubwa, matatu yanatosha. Maji yakishachemka hesabu dakika 10, kisha mayai yaingie kwenye maji ya baridi mara moja. Ukiyaacha kwenye maji ya moto, kiini kinazungukwa na utando wa kijani na kinakuwa kikavu. Toa viini, viache vipoe kabisa.

Hapa ndipo penye kazi. Mimi napitisha viini kwenye chujio la chai, nikivisukuma kwa mgongo wa kijiko. Vinatoka upande wa pili kama unga mwepesi wa njano. Usiruke hatua hii. Chembe moja ya kiini ikibaki nzima utaiona kwenye sosi na ulimi utaihisi. Unga huo utie kijiko cha chai cha haradali ya kopo, chumvi kidogo na kijiko kikubwa cha siki, kisha ukandekande kwa kijiko cha mbao, ukiusugua kwenye ukuta wa bakuli, mpaka uwe kama siagi laini. Haradali si ya ladha peke yake; inasaidia mafuta na siki vishikane, na kiini kilichochemshwa kinahitaji msaada huo kuliko kibichi.

Mafuta natumia ya alizeti, robo tatu ya kikombe cha chai. Yanaanza kwa matone. Nachota kwa kijiko kidogo, naangusha tone, nakoroga mpaka lipotee, ndipo naangusha jingine. Baada ya vijiko vitatu vinne hivi utaona sosi inabadilika: inang'aa, inakuwa nzito, inaacha njia kijiko kinapopita. Hapo unaweza kumimina kwa uzi mwembamba. Ikikaza sana, tia matone ya ndimu. Ikikatika, yaani mafuta yakijitenga, usimwage. Chukua bakuli jingine, weka kiini kingine kilichosagwa na haradali, kisha uirudishe ile iliyokatika kidogo kidogo kama vile ndiyo mafuta. Imenitokea mara mbili na mara zote mbili ilirudi.

Matango nayaanza siku moja kabla. Haya yetu ya kawaida ya sokoni. Natoa mbegu, nakatakata vipande vya ukubwa wa choroko, natia chumvi na kuyaacha kwenye chujio nusu saa. Kisha nayakamua kwa kitambaa safi. Maji yanayotoka yatakushangaza, na hayo yangekuwa kwenye sosi yako kesho yake, imelegea kama mtindi mbichi. Yaliyokamuliwa yanalala kwenye siki na sukari kidogo kwenye friji, na asubuhi nayakamua tena. Kitunguu nakiosha kwa chumvi kama cha kachumbari ili ukali upungue, nacho kinakamuliwa. Vile vichipukizi vya maua vinavyolowekwa kwenye siki, ambavyo Wazungu huviweka, sikuvipata, na sijavikosa. Badala yake naongeza majani ya kitunguu na giligilani kidogo sana, maana ikizidi sosi yote inanukia pilau. Ute mweupe wa mayai mawili nao naukata vidogo na kuuchanganya humo.

Changanya, onja, iache kwenye friji angalau saa moja ladha ziingiane. Ninaiweka kwenye chupa iliyochemshwa, nachota ya kula tu kwenye kibakuli, na kilichobaki kibakulini hakirudi kwenye chupa. Siku tatu ndiyo mwisho wangu. Umeme ukikatika saa nyingi, namwaga hata kama iliuma kuitengeneza, kwa sababu kiini kuchemshwa hakuzuii kisiharibike baadaye.

Samaki mwenyewe hana maneno mengi: minofu ikaushwe kwa kitambaa, chumvi, ndimu kidogo, yai, unga, mafuta ya moto.

Jumapili iliyofuata nilimpelekea mzee sahani na kibakuli. Alichovya kipande, akatafuna taratibu akitazama ziwani, akachovya tena. "Ndimu, mwanangu," akasema. "Bado kidogo." Nikakimbia nyumbani, nikarudi na nusu ya ndimu, nikaikamulia pale pale mbele yake. Akakoroga kwa kipande cha samaki, akala, akaniambia niwaite watoto waje kabla hajakimaliza.