Kilo mbili kasoro, meno 42

Siku hizi ndani ya nyumba sinyanyui miguu, naburuza. Mtu asiyejua akiniona naelekea jikoni atasema huyu kiuno kimekwisha, kumbe nina mbwa wa kilo 1.9 anayetembea nyuma ya kisigino changu cha kushoto muda wote, na kuna siku nilirudi nyuma hatua moja tu bila kuangalia nikasikia alivyolia, ile sauti sitaki kuisikia tena. Hakuumia, nilimbana ncha ya kidole, ila mimi nilikaa sakafuni robo saa nzima naomba msamaha wakati mwenyewe keshasahau anatafuta soksi ya kuiba. Toka siku hiyo naburuza. Usiku nikiamka natembea peku ili nimguse kabla sijamkanyaga, na kwenye kochi sikai kabla sijapapasa kwa mkono, maana anajichimbia chini ya mto hata pua haionekani.

Anaitwa Punje. Ni Chihuahua, wale waliopewa jina la jimbo moja la Meksiko, na nilimchukua akiwa na wiki 10 na gramu 700. Wiki ya kwanza tu alinitoa jasho. Asubuhi moja namuita haji, namkuta amelegea, nikimsimamisha anayumba kama mlevi, macho hayaniangalii. Bahati nzuri nilishaambiwa mapema kwamba mbwa wadogo hivi wakiwa watoto hawana akiba mwilini, wakikaa masaa machache bila kula sukari inashuka, kwahiyo nikampaka asali kwenye fizi mkono unatetemeka huku natafuta funguo za kutokea niwahi kwa daktari wa mifugo. (Daktari wa mifugo. Kila nikilisema hilo neno namuangalia Punje nacheka, huyu naye ni mfugo.) Tulivyofika alikuwa keshasimama anambwekea mzani.

Mambo ya kutetemeka nayo kila mtu ana lake. "Maskini anaogopa." Kuna siku kweli anaogopa, lakini mara nyingi ni baridi tu, kitu kidogo kinapoa haraka, weka maji ya moto kwenye kikombe na kwenye ndoo uone kipi kitakuwa cha baridi kwanza. Nilikuwa nawacheka watu wanaovalisha mbwa sweta. Punje anayo manne.

Alafu kuna hesabu ya chakula. Mbwa wa uzito wake anataka kama kalori 190 kwa siku nzima, na yai moja la kuchemsha lina kama 70, kwahiyo mgeni akimpa yai kwa huruma eti "si yai moja tu" amempa zaidi ya theluthi ya chakula chake cha siku, akimaliza hapo watoto nao wanamdondoshea vyao chini ya meza. Na sumu ni hivyo hivyo: kipande cha chokoleti, zabibu, chingamu isiyo na sukari, vitu ambavyo hata mbwa mkubwa hatakiwi kula, kwa huyu kinachodondoka kwa bahati mbaya tu kinatosha kumpeleka hospitali. Nyumba yetu sakafu ni safi kuliko meza.

Kamba nafunga kwenye mkanda wa kifuani, shingoni hapana, bomba lao la hewa ni laini ukivuta anakohoa kama bata bukini. Kwenye kochi nimempangia maboksi mawili kama ngazi kwasababu mguu wake wa mbele ni mwembamba kama penseli na wakiruka wanavunjika. Na kuna ile ya goti, anakimbia vizuri tu ghafla anakunja mguu mmoja wa nyuma, anaruka hatua tatu kwa miguu mitatu, alafu anaushusha anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Pia ya goti, kile kifupa cha mbele, inatoka mahali pake inarudi. Daktari anasema kwa sasa tuangalie tu.

Hayo yote nimeyazoea. Nililokaa chini kuandika leo ni kunguruma.

Punje akinguruma ni kama simu iliyowekwa mtetemo ikapigwa juu ya meza. Mdomo haufunguki, unasikia tu kitu kinatetemeka, ukimshika kifuani ndio unakuta ni yeye. Mara ya kwanza alikuwa na miezi kama saba, nilikuwa namfuta mdomo, akanguruma, nikacheka mpaka nikakaa. Nikamrekodi, nikatuma kwenye grupu la familia, wakacheka na wao, wakataka nyingine. Nami si nikajua pa kubonyeza. Unamsogezea kidole kwenye shavu la kulia, ananguruma. Wageni wakija: "Hebu mfanye angurume." Ananguruma, watu hoi. Mmoja akasema huyu ni kama pilipili, na kila mgeni aliyefuata akasema ile ile ya pilipili na udogo wake akidhani yeye ndiye wa kwanza.

Ikaenda hivyo miezi. Alafu akaacha. Unasogeza kidole, kimya, anageuza uso pembeni, anajilamba pua. Nikasema basi huyu sasa ametulia, amekua, na kusema kweli nilisikitika kidogo kwamba mchezo umeisha.

Jumapili moja dada yangu akaja na binti yake, ana miaka sita, Punje yupo mapajani kwangu kajikunja. Mtoto akainama ambusu. Hakukuwa na kunguruma, hakukuwa na kitu chochote, ni mlio mdogo wa meno kugongana na mtoto amekaa chini ameshika kidevu. Matundu mawili, madogo kama ya sindano, damu inatoka taratibu. Tulimuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nikiangalia saa, maana jeraha la mbwa linaoshwa hivyo hata kama mbwa ana chanjo zote za kichaa, na Punje anazo, tukampeleka hospitali. Njia nzima dada hakuongea. Dada yangu akiongea ni kawaida, akinyamaza ndio ujue.

Kesho yake nikambeba Punje kwenda kwa daktari, kichwani nina maneno yangu tayari, kwamba amebadilika tabia ghafla, kwamba sijui amepatwa na nini. Daktari hakunisikiliza hadi mwisho. Akamfunga taulo, akainua mdomo wa juu upande wa kulia, akaniita niangalie. Palikuwa na chonge mbili zimesimama bega kwa bega kwenye nafasi ya jino moja. Moja ya utoto, moja ya ukubwani. Katikati chakula kimeganda kimekuwa jiwe, fizi imevimba nyekundu inayotaka kuwa zambarau. Mbwa anazaliwa bila meno, anaota 28 ya utoto, yanadondoka yanakuja 42, na hawa wadogo mara nyingi yale ya utoto yanagoma kutoka. Hayo 42 ni idadi ile ile aliyonayo mbwa wa kilo 60. Hapa yamebanwa kwenye mdomo unaoweza kuufunika na kijiko.

Akaniuliza, "Hajawahi kukwambia kwamba panamuuma?"

Nikanyamaza. Kwenye simu mfukoni nilikuwa na video 11.

Baadaye nikamwambia, na hakunigombeza, ambayo ni mbaya zaidi. Alinielezea kwamba mbwa ana ngazi zake: anageuza uso, anajilamba pua, anaonyesha weupe wa jicho, anakakamaa, ananguruma, na ndio mwisho anang'ata. Ukiona kunguruma hakumletei chochote zaidi ya kuchekwa, ujue na yeye ameona hivyo hivyo, anairuka hiyo ngazi. Punje hakutulia. Alichoka kuongea na mimi.

Meno yalitolewa wiki hiyo. Kumlaza mbwa wa kilo 1.9 kwa nusu kaputi sio jambo la kusimulia, nilisaini karatasi bila kusoma, wakanionyesha na kitanda chenye joto maana usingizini mwili unapoa na huyu anapoa hata akiwa macho. Nililiomba lile la utoto nikapewa kwenye kichupa. Sehemu iliyokuwa inaonekana ni kama punje ya mchele, jina lake kabisa, ila mzizi uliokuwa umejificha ndani ni mrefu kupita jino lenyewe.

Sasa nyumbani kuna sheria na watu wananiona nimechanganyikiwa. Hakuna kumnyanyua kutoka juu. Unakaa sakafuni, unaweka mkono pembeni, unasubiri aje, asipokuja basi hajaja. "Yote haya kwa huyu?" Ndio kwa huyu. Fikiria mkono mkubwa kama mwili wako unashuka kutoka darini kila mara mtu anapojisikia kukushika. Mbwa wa kilo 40 akinguruma sebuleni wote mnasimama mnaweka mikono kwenye kiti, hakuna anayetoa simu. Jamaa mmoja aliniambia huyu sio mbwa, ni mdoli, nikamsimulia habari za Smoky, yule Yorkshire Terrier wa kilo 1.8, mdogo kuliko hata Punje, ambaye mwaka 1945 kisiwani Luzon kule Ufilipino alivuta waya wa mawasiliano ndani ya bomba la mita 21 hivi chini ya uwanja wa ndege, bomba lenyewe upana wa sentimita 20, askari wakaokoka kuchimba. Akasema hiyo ni moja kati ya elfu. Sawa. Lakini mkono aliuondoa.

Kunguruma kwenyewe kulichukua miezi mitatu kurudi. Nilikuwa namfundisha mswaki, kila jioni dawa ya meno ya mbwa kidogo kwenye kidole, jino moja, mawili, tunaishia hapo. Siku moja nimefika nyuma kabisa kwenye magego nikasikia kwenye kiganja kile kitetemeshi. Nikatoa kidole pale pale. Akaniangalia sana, kama mtu aliyebonyeza swichi ya siku nyingi taa ikawaka. Tukakaa hivyo, nikarudisha kidole kwenye meno ya mbele, akaniachia.

Dada alirudi mwezi uliopita, na binti, kovu halionekani labda umtafutie kwenye mwanga. Mtoto alikaa sakafuni miguu imekunjwa kama nilivyomwelekeza, mkono ameulaza kwenye zulia. Punje alizunguka meza mara mbili, akaja kwa nyuma akamnusa kiwiko, akanusa vidole kimoja kimoja, akapanda juu ya paja lake. Mimi pumzi sina, dada naye ameshika kikombe hanywi. Mtoto akamkuna kifuani, sawa. Akamkuna mgongoni, sawa. Akapeleka mkono shavuni na ile simu juu ya meza ikaita.

Mkono ukatoka haraka.

"Mjomba," akaninong'oneza, hajageuza hata kichwa, "kasema basi."

Nikamwambia ndio, kasema basi, mwache hapo hapo alipo. Akamwacha. Punje alijigeuza mara moja akalala kwenye lile lile paja, na mtoto akakaa hivyo hivyo hadi mguu ukafa ganzi, anakataa kusogea.