Tumbo la Nyoka wa Jiwe

Yeyote aliyewahi kupanda hadi kwenye michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, anajua kwamba wanyama wa pale hutazamwa kwa upande mmoja tu, kwa kuwa mchoraji alikuwa na ukuta wa mwamba mbele yake na rangi nyekundu mkononi. Wanyama waliochongwa na Waazteki wa Meksiko kabla ya Wahispania kuuteka mji wao mwaka 1521 wananivutia kwa sababu iliyo kinyume: wachongaji wao walishughulikia hata upande ambao hakuna mtu angeuona.

Mfano nimpendaye ni nyoka wa graniti aliyehifadhiwa katika British Museum, London. Ni yule nyoka wa Amerika mwenye sumu na njuga mkiani, naye amejikunja mzingo juu ya mzingo, kichwa kikiwa juu. Njuga zimechongwa moja moja. Akigeuzwa, tumbo lake nalo limechongwa likifuata mizingo ya mwili, tena likatiwa vidoa vyekundu. Sisi wa Dodoma, tunaowaona wapasua kokoto wakihangaika na graniti kwa nyundo za chuma, tunaweza kukadiria kazi ya watu wasiokuwa na chuma, waliogonga jiwe kwa jiwe kisha wakalisugua kwa mchanga na maji.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Jibu la sehemu linapatikana kwa Coatlicue, mungu wa kike wa Waazteki ambaye sanamu yake ya jiwe ilifukuliwa katika uwanja mkuu wa Jiji la Meksiko tarehe 13 Agosti 1790. Vichwa viwili vya nyoka vinavyotazamana ndivyo vinavyofanya uso wake, sketi yake ni nyoka waliosukwa, na miguu yake ina makucha ya tai. Chini ya nyayo, mahali palipolala juu ya udongo, imechongwa sura ya Tlaltecuhtli, mungu wa ardhi. Kwa hiyo, ardhi yenyewe ilihesabiwa kuwa mtazamaji. (Wenye mamlaka walimfukia tena baada ya watu kuanza kumwendea kwa ibada, jambo linaloonyesha kwamba jiwe lile halikuwa limepoteza nguvu zake.)

Jagua (paka mkubwa wa Amerika anayefanana na chui) mkubwa wa jiwe wa Waazteki, aliyepatikana mwaka 1901, ana shimo mgongoni la kuwekea mioyo ya watu waliotolewa kafara, na chini kabisa ya shimo hilo wamechongwa miungu wawili wakijitoboa masikio ili kutoa damu. Ni kazi ya kutisha na ya ustadi mkubwa. Hata hivyo mimi bado nampa nyoka nafasi ya kwanza, kwa kuwa jagua yule anaeleweka kwa ibada yake, ilhali nyoka yule anaonyesha mtu aliyemchunguza mnyama hatari kwa karibu, hadi tumboni.