Kanda ya Mchanganyiko

Mwaka 2014 nilikuwa mkutubi msaidizi katika maktaba moja ndogo ya Mji Mkongwe, Unguja, ambayo mbali na vitabu ilikuwa na makabati ya kanda, santuri na diski za muziki. Kazi niliyopewa ilikuwa kuviingiza vyote hivyo katika katalogi ya kompyuta kwa kutumia Koha, programu huria iliyoanzia New Zealand, ambayo maktaba nyingi zimeichukua kwa kuwa haina ada ya leseni. Kanda za kikundi kimoja hazikunisumbua. Kanda ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa mwaka 1905, au ya Culture Musical Club, cha mwaka 1958, ina mwenyewe, na anayeitafuta anajua aanze na jina gani. Tabu ilikuwa kwenye mikusanyo.

Ninayoikumbuka zaidi ni kanda iliyotoka katika sanduku la marehemu mmoja wa Ng'ambo, ambaye warithi wake walituletea kila alichokuwa nacho isipokuwa redio yenyewe. Karatasi ya ndani iliandikwa kwa wino wa buluu "Taarab Mchanganyiko", na chini yake yalifuata majina ya waimbaji saba bila ya kuoneshwa nani kaimba wimbo gani. Hapakuwa na mchapishaji, namba wala mwaka. Ilikuwa dhahiri kwamba marehemu aliikusanya mwenyewe, nyimbo nyingine akizinakili kutoka kanda za wenzake na nyingine akizinasa redioni.

Mkuu wa kitengo chetu alisomea ukutubi wakati wa AACR2, kanuni za kuorodhesha vitu katika katalogi zilizotoka mwaka 1978, na alizishika barabara. Kwa kanuni hizo, mkusanyo wa waimbaji wengi wenye jina la pamoja huingizwa chini ya jina la mkusanyo, na wahusika wa aina moja wanapozidi watatu hutajwa wa kwanza tu, kisha huongezwa maneno ya kuonesha kwamba wapo wengine. Alinitaka niandike jina la kanda, nimtaje mwimbaji wa kwanza "na wenzake", nipange kabatini na niendelee na nyingine. Sikumwona mjinga, wala sasa simwoni hivyo. Kadi ya katalogi ilikuwa na upana wa sentimita 12.5 na kimo cha sentimita 7.5, na kila jina lililoongezwa lilidai kadi yake, ipigwe taipu na ipangwe mahali pake. Katika hali hiyo kuishia kwa watatu ilikuwa busara. Ila sisi hatukuwa na kadi tena, na kanuni mpya za RDA, ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuzitumia rasmi tarehe 31 Machi 2013, ziliuondoa mpaka huo wa watatu na kumwachia mworodheshaji nafasi ya kuwataja wote.

Nilimweleza kwamba kwa taarab "na wenzake" hufuta watu wengi zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mara nyingi wimbo mmoja wa hapa kwetu una mtunzi wa shairi, aliyelitia muziki na aliyeliimba, na hao huwa watu watatu mbalimbali. Nyimbo kumi na moja za kanda ile zingeweza kuwa na wenyewe zaidi ya ishirini, na ni nadra mtu kufika maktaba akiulizia kanda yenye mchanganyiko. Huulizia wimbo, au shairi la marehemu babu yake. Mkuu alinisikiliza, akaniuliza majina hayo nitayapata wapi ilhali karatasi haikuyataja. Lilikuwa swali la haki. Akaniruhusu kumwita mzee mmoja mpiga fidla, mradi kazi isichukue zaidi ya siku ile.

Mzee alifika baada ya sala ya alasiri, kanzu imepigwa pasi na miwani ikiwa mfukoni. Tulimwamkia, akaitika "Marahaba, wanangu", akakataa kiti cha mkono na kuchukua kile cha mbao kilichokuwa karibu na spika. Nilidhani angehitaji kuusikia kila wimbo hadi mwisho. Wa kwanza ulikuwa haujafika kwenye sauti ya mwimbaji, bado ala zinafungua, naye akishataja kikundi, mpiga ganuni na mtu aliyetia muziki. Mtunzi wa maneno alimtaja baadaye, baada ya kuusikiliza ubeti wa pili, kwa kuwa, alisema, vina vya kati vya mtu huyo havifichiki.

Wimbo wa nne ulikuwa "Muhogo wa Jang'ombe", ambao wengi huuhusisha na Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, ilhali unahesabiwa miongoni mwa nyimbo za Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay kuanzia mwaka 1928. Sauti ya kwenye kanda haikuwa ya yeyote kati yao. Hapo ndipo nilipoona faida ya kuandika mwimbaji kando ya kila wimbo, kwani aliyezoea kuuhusisha na Bi Kidude angeichukua kanda kwa matumaini yasiyo yake. Siti mwenyewe nilimwingiza kwa mpangilio wa jina lake, Siti binti Saad. Kulipindua likaanza na Saad, kama wafanyavyo wanaodhani kila jina la mwisho ni la ukoo, ni kumpeleka mahali ambapo hapana Mzanzibari atakayemtafuta.

Nyimbo mbili za upande wa pili zilikatika ghafla mwanzoni, na nyuma yake ilisikika silabi moja ya mtangazaji. Mzee akacheka. "Hizi za Rahaleo hizi," akasema, akiikusudia studio ya redio, na kwa kumtambua mpiga besi akakadiria kuwa zilirekodiwa kabla ya 1980. Kadirio hilo, pamoja na mahali, tuliliandika katika sehemu ya kumbukumbu ya katalogi yenye namba 518, ambayo ni ya wakati na mahali pa kurekodi. Orodha ya nyimbo, kila moja na wahusika wake, ilikwenda sehemu ya 505, wapigaji ala ya 511, na kila jina la mtu likapewa 700 yake ili liweze kutafutwa. Wimbo uliojulikana kwa maneno yake ya mwanzo na pia kwa kiitikio chake tuliuwekea jina la pili katika 740. Katika 500 nikaeleza kwamba jina la kanda limetokana na mwandiko wa mwenyewe, na kwamba watunzi wametambuliwa kwa kusikilizwa.

Wimbo wa tisa ulimshinda. Alitaka urejeshwe, ukarejeshwa, akatikisa kichwa. Nikauandika kwa mstari wake wa kwanza, mtunzi nikamwacha wazi, ingawa mkuu, ambaye kufikia saa hiyo alikuwa amesogeza kiti karibu na sisi, alikuwa na dhana yake. Mzee alimwambia kwa upole, "Maalim, dhana usiiandike."

Wa mwisho ulikuwa wake. Hakusema mpaka nilipomuuliza ni nani anayepiga fidla ile.

"Mimi huyo. Na muziki nimeutia mimi," alisema. "Lakini maneno si yangu, usije ukanipa maneno ya watu." Akamtaja mtunzi, mwanamke wa Mkunazini ambaye jina lake halikuwamo kwenye karatasi wala katika katalogi yetu yote. Nilimfungulia ingizo lake. Mkuu alisoma kumbukumbu nzima kwenye skrini, akasahihisha alama za mkato mahali pawili, akaniambia niihifadhi, kisha akauliza kama katika sanduku lile mna kanda nyingine za mchanganyiko. Zilikuwamo, naye mzee akataka kujua kesho aje saa ngapi.